Somo la Afya: Rangi ya Choo cha Mtoto Mchanga ni Ujumbe Kutoka kwa Ini

Mtoto anapozaliwa, majirani na jamaa huja na maswali yao. Ananyonya vizuri? Analala usiku? Ana kilo ngapi? Swali moja huulizwa kwa nadra, ilhali linaweza kuokoa maisha: choo chake kina rangi gani?

Somo la toleo hili linahusu swali hilo. Kuna ugonjwa wa watoto wachanga ambao huziba mifereji ya nyongo, kisha huharibu ini kimyakimya mtoto akiwa bado anaonekana mnene na mwenye afya. Upasuaji wa kumsaidia upo, lakini hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60. Ishara ya mapema huonekana kwenye nepi. Anayeiona kwanza si daktari, bali ni mama, baba, nyanya au yaya anayembadilisha mtoto.

Ili tuelewe kwa nini siku hizo 60 zina uzito mkubwa hivyo, tuanze na kazi ya nyongo, kisha tuone jinsi seli za ini na za utumbo zinavyopashana habari.

Nyongo ni nini?

Yeyote aliyewahi kuchinja kuku au mbuzi anaijua nyongo. Iko ndani ya kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini, ambacho mchinjaji hukitoa kwa uangalifu kisipasuke, kwa maana matone machache tu huifanya nyama kuwa chungu. Binadamu pia ana kifuko kama hicho chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo.

Kifuko hicho ni ghala tu. Anayetengeneza nyongo ni ini lenyewe. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Nyongo hiyo hupita katika mifereji myembamba sana ndani ya ini, mifereji hiyo ikaungana kama vijito vinavyoingia mtoni, hadi kwenye mfereji mkuu unaoimwaga ndani ya utumbo mwembamba.

Nyongo ina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kusaidia kusaga mafuta. Ndani ya nyongo kuna asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Asidi hizi hufanya kazi kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: huyavunja mafuta kuwa matone madogo ili utumbo uweze kuyafyonza. Vitamini A, D, E na K, ambazo huyeyuka katika mafuta, huingia mwilini kwa msaada huo huo.

Kazi ya pili ni kutoa taka. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka, mwili huzivunja, na rangi yake hugeuka kuwa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Ini huikusanya bilirubini, huibadilisha ili iweze kuyeyuka katika maji, kisha huitoa mwilini kupitia nyongo. Bilirubini hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake: kahawia kwa mtu mzima, na manjano au kijani kwa mtoto anayenyonya. Kwa hivyo choo kikikosa rangi, maana yake ni moja: nyongo haijafika utumboni.

Seli huzungumzaje?

Ini halikisii kiasi cha nyongo cha kutengeneza. Hupokea habari. Seli za mwili zina protini ziitwazo vipokezi, ambazo hupokea ujumbe wa kemikali kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Ufunguo sahihi ukiingia, seli hubadilisha kazi inayofanya.

Kwa miaka mingi, asidi za nyongo zilionekana kuwa sabuni ya mwili tu. Mwaka wa 1999, vikundi vitatu vya watafiti nchini Marekani vilionyesha kwamba asidi hizo pia ni ujumbe. Ndani ya seli za ini na za utumbo kuna kipokezi kinachoitwa FXR, na asidi za nyongo ndizo ufunguo wake.

Mambo huenda hivi mtu mwenye afya anapokula. Nyongo humwagika utumboni na kusaidia kusaga mafuta. Ikifika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, takriban asilimia 95 ya asidi za nyongo hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini kwa njia ya damu, ili zitumike tena. Zinapopita katika seli za utumbo, hufungua kipokezi cha FXR. Hapo seli za utumbo hutoa homoni iitwayo FGF19, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye ini na kulipa habari kwamba nyongo imefika na inatosha. Ini likipata habari hiyo, hupunguza kazi ya kimeng'enya kinachogeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo.

Fikiria bohari moja inayopeleka bidhaa kwa duka la kijijini. Kila mzigo unapofika, mwenye duka hupiga simu: "Nimepokea, msilete nyingine kwanza." Bohari hupanga kazi yake ya siku kwa kutegemea simu hiyo. Ini ndilo bohari, utumbo ndio duka, na FGF19 ndiyo simu.

Simu hiyo haizungumzii nyongo peke yake. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba, baada ya mlo, FGF19 pia huliambia ini liweke akiba ya sukari iitwayo glikojeni na litengeneze protini, na hufanya hivyo bila kutegemea insulini. Hapa ndipo tunapoona kwamba mtiririko wa nyongo umefungamana na jinsi ini linavyoshughulikia sukari, mafuta na protini. Njia ya nyongo ikiziba, si usagaji wa mafuta tu unaoharibika. Mpango mzima wa kazi za ini huvurugika.

Njia ya nyongo inapoziba

Ugonjwa tunaouzungumzia huitwa na wataalamu atresia ya mifereji ya nyongo. Katika wiki za mwanzo za maisha, mifereji iliyo nje ya ini huvimba, hugeuka kovu na kuziba. Ni ugonjwa adimu. Barani Ulaya humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 au zaidi wanaozaliwa. Nchini Taiwan ni wa kawaida zaidi, takriban mtoto 1 kati ya 6,000. Hauambukizi. Si laana, na hautokani na chakula alichokula mama akiwa mjamzito wala kosa lolote alilofanya. Mama asilaumiwe.

Baada ya njia kuziba, mambo haya hufuatana.

*Simu ya utumbo hukatika.* Kwa kuwa asidi za nyongo hazifiki utumboni, seli za utumbo hazina habari ya kupeleka. FGF19 inayotoka huko hupungua.

*Ini hujaribu kujilinda.* Seli za ini zina FXR yake pia. Zinapohisi asidi zimejaa ndani, hupunguza kuzitengeneza, na hufungua milango ya nyuma ya kuzisukuma kuingia kwenye damu. Kutoka kwenye damu, figo huzitoa pamoja na bilirubini kupitia mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mtoto huyu huwa wa manjano iliyokolea au hata kama chai ya rangi, na baadaye mtoto huanza kujikuna.

*Ulinzi huo haufui dafu.* Tulisema asidi za nyongo ni kama sabuni. Ukuta wa kila seli umetengenezwa kwa mafuta, kwa hivyo sabuni ikijaa mahali pasipo pake, huuharibu ukuta huo. Seli za ini zilizojeruhiwa hutoa ujumbe wa dharura wa kuziita chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zikija, ini huvimba, na uvimbe huo huongeza madhara juu ya madhara.

*Kovu huanza kujengwa.* Katikati ya seli za ini kuna seli nyingine zenye umbo la nyota, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuhifadhi vitamini A. Zinapopokea ujumbe wa majeraha, hasa protini iitwayo TGF-beta, huacha kazi hiyo na kuanza kutengeneza nyuzi za kovu. Kwenye kidonda cha ngozi, kovu ni jambo jema kwa sababu hufunga kidonda kisha kazi huisha. Kwenye ini lililozibwa, majeraha hayaishi, na amri ya kujenga kovu haikomi. Kidogo kidogo ini huwa gumu, damu hushindwa kupita vizuri, na hali iitwayo sirosisi hutokea. Kwa mtu mzima mlevi, sirosisi huchukua miaka mingi. Kwa mtoto aliyezibwa nyongo, huchukua miezi michache.

Wakati huo huo, kazi nyingine za ini huyumba. Akiba ya sukari hupungua kadiri ini linavyoharibika, na mtoto akikosa kunyonya kwa saa nyingi, sukari ya damu inaweza kushuka. Mafuta ya maziwa hayasagwi ipasavyo, na baada ya muda uzito huacha kupanda. Kwa kukosa vitamini D, mifupa hudhoofika. Kolesteroli, ambayo ilikuwa ikitoka kupitia nyongo, hurundikana kwenye damu.

Hatari ya karibu zaidi ni ya vitamini K. Ini linahitaji vitamini hiyo kutengeneza protini zinazogandisha damu. Mtoto asiyeifyonza anaweza kutokwa na damu kitovuni, puani au, lililo baya zaidi, ndani ya kichwa. Ndiyo sababu sindano ya vitamini K ambayo mtoto hupewa anapozaliwa ni muhimu, na ndiyo sababu mtoto mwenye manjano anayetokwa na damu, hata kidogo, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Kwa nini siku 60?

Katika miaka ya 1950, daktari wa upasuaji Morio Kasai wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai nchini Japani, alibuni upasuaji ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Daktari huondoa mifereji iliyoziba nje ya ini, kisha huvuta kipande cha utumbo mwembamba wa mtoto mwenyewe na kukiunganisha moja kwa moja na lango la ini. Mifereji midogo iliyobaki hai ndani ya ini hupata mahali pa kumwaga nyongo. Nyongo ikifika utumboni, choo hupata rangi, mafuta huanza kusagwa, na seli za utumbo huwa na habari ya kulipelekea ini tena.

Lakini upasuaji huo hauondoi kovu lililokwisha kujengeka. Hufungua njia tu. Kama ini bado ni laini na mifereji midogo ingali hai, nyongo hutiririka. Kama seli za nyota zimeshafanya kazi yake kwa miezi mitatu au minne, njia hufunguliwa kwa ini ambalo limeshakuwa gumu. Kwa hiyo madaktari husisitiza kabla ya siku 60, na mapema zaidi ya hapo ni bora zaidi. Si kwamba siku ya 61 mlango hufungwa, la. Mtoto aliyechelewa bado apelekwe, maana kuna msaada anaoweza kupata. Lakini kila wiki inayopita hupunguza nafasi yake.

Bila matibabu, watoto wengi wenye ugonjwa huu hawapiti umri wa miaka 2 au 3. Wale ambao upasuaji haukuwafaa, au ambao ini linachoka baadaye, huhitaji kupandikizwa ini. Hayo ni matibabu ya gharama kubwa, na familia nyingi za Kenya zimelazimika kusafiri hadi India kuyatafuta. Chelewachelewa utapata mwana si wako. Wahenga hawakuwa wakizungumzia ini, lakini methali hii inatufaa hapa.

Taiwan inatupa mfano mzuri. Mwaka wa 2004 nchi hiyo iliweka kadi ya rangi za choo katika kijitabu cha afya cha kila mtoto, ili mzazi alinganishe nepi na picha. Baada ya hapo, watoto waliopasuliwa kabla ya siku 60 waliongezeka kutoka karibu nusu hadi karibu theluthi mbili. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 waliongezeka kutoka chini ya 60 hadi karibu 90 katika kila watoto 100 wenye ugonjwa huo. Upasuaji ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba wazazi walijua cha kutazama, na lini.

Manjano ya kawaida na manjano ya hatari

Kwanza tuondoe utata wa majina. Manjano tunayoyazungumzia hapa si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Ni rangi ya manjano kwenye macho na ngozi inayotokana na bilirubini kuzidi katika damu.

Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa baada ya kutimiza miezi hupata manjano kidogo. Huanza siku ya pili au ya tatu, kwa sababu ini changa bado linajifunza kazi yake, na kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki mbili. Choo cha mtoto huyu kina rangi yake na mkojo wake ni mweupe kama maji.

Ugumu ni kwamba manjano ya kuziba nyongo huja yakifuata yale ya kawaida bila kupiga hodi. Wiki ya kwanza mzazi huambiwa, kwa haki kabisa, kwamba manjano ni kitu cha kawaida. Wiki ya tatu bado anaamini hivyo. Mtoto ananyonya, anacheka, mashavu yamejaa. Wengine humwanika mtoto kwenye jua la asubuhi kila siku wakisubiri. Mwanga hausaidii chochote manjano ya nyongo iliyoziba, kwa sababu tatizo si ini changa bali ni njia iliyofungwa. Maji ya glukosi na dawa za miti shamba hazifungui njia hiyo pia, na zinaweza kumdhuru mtoto mchanga, ambaye anahitaji maziwa ya mama pekee.

Kwa watoto wenye ngozi nyeusi, manjano hayaonekani upesi kwenye ngozi. Tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, mahali penye mwanga wa mchana.

Jinsi ya kutazama choo

Baada ya choo cheusi cha siku za kwanza, choo cha mtoto anayenyonya kinapaswa kuwa cha manjano iliyokolea kama haradali, au kijani, au kahawia. Hizo zote ni rangi salama.

Rangi za hatari ni nyeupe kama chaki, kijivu, rangi ya udongo mweupe wa kufinyanga, au manjano iliyofifia sana kama malai. Choo kinaweza kuanza na rangi nzuri halafu kikafifia polepole, kwa hivyo usitazame mara moja ukaridhika. Endelea kutazama kila siku kwa miezi miwili ya kwanza.

Tazama mchana, karibu na mlango au dirisha, kwa sababu taa ya umeme au ya kibatari hubadilisha rangi. Tazama na mkojo pia: mkojo wa mtoto mchanga haupaswi kuacha doa la manjano kwenye nepi nyeupe. Ukiwa na shaka, piga picha kwa simu mchana, au beba nepi yenyewe hadi kituoni. Hakuna mhudumu wa afya atakayekuona vibaya kwa kumletea nepi.

Kalenda ya siku 60

Ikate sehemu hii uibandike ukutani.

- Siku ya 1: Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, mtoto aonwe na daktari mara moja. Hiyo ni dharura ya aina nyingine, lakini ni dharura.
- Siku ya 1 hadi ya 14: Tazama macho, choo na mkojo kila siku. Choo kikiwa cheupe, usingoje siku ya 14.
- Siku ya 14: Manjano yakiwa bado yapo, mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe damu, hata kama anaonekana mzima. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwisho ni siku ya 21.
- Wiki ya 6, yaani siku ya 42: Hii ni ziara ya chanjo. Kabla mtoto hajachanjwa, mwambie muuguzi rangi ya choo na mkojo wake, hata asipokuuliza. Hii ndiyo ziara ya kawaida ya mwisho kabla ya siku 60.
- Siku ya 60: Upasuaji uwe umefanyika, ikiwezekana.
- Wiki ya 10, yaani siku ya 70: Ziara inayofuata ya chanjo. Ukisubiri hadi hapa ndipo useme, siku 60 zimepita.

Nenda na Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kila unapoenda, na hakikisha ulichosema kimeandikwa humo.

Ukifika kituoni

Kipimo kinachohitajika ni cha damu, nacho si kigeni: bilirubini. Lakini kuna bilirubini za aina mbili, na bilirubini ya jumla peke yake haitoshi. Ile ambayo ini limeshaishughulikia, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa *direct*, ndiyo inayoonyesha kwamba ini limefanya kazi yake lakini njia ya kutokea ina kasoro. Una haki ya kuuliza: "Naomba mtoto apimwe bilirubini zote mbili."

Zahanati nyingi hazina maabara ya kipimo hiki. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, na uende siku hiyo au kesho yake. Aina hiyo ya bilirubini ikiwa juu, daktari atatafuta chanzo kwa picha za tumbo na vipimo vingine. Si kila mtoto mwenye bilirubini hiyo ana atresia. Maambukizi kama kaswende aliyozaliwa nayo, uvimbe kwenye mfereji wa nyongo, na baadhi ya magonjwa ya kurithi hutoa dalili zinazofanana, na mengi yana matibabu yake. Yote yanahitaji jibu la haraka. Likihitajika, mtoto atapelekwa kwa madaktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali kuu.

Hakikisha pia kwamba familia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kwamba jina la mtoto limeongezwa. Kufanya hivyo mtoto akiwa mzima ni rahisi kuliko kuhangaika ukiwa mlangoni pa wodi.

Mtoto akishafanyiwa upasuaji, safari bado ni ndefu. Atahitaji vitamini A, D, E na K, chanjo zake zote, na wakati mwingine maziwa yenye mafuta maalumu ambayo hufyonzwa bila kutegemea nyongo nyingi. Akipata homa, au choo kikififia tena, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana bakteria za utumbo zinaweza kupanda hadi kwenye ini kupitia njia mpya.

Na watu wazima je?

Kanuni ni ile ile. Macho ya manjano, mkojo mweusi na choo cheupe kwa mtu mzima humaanisha nyongo haipiti, mara nyingi kwa sababu ya mawe ya nyongo au uvimbe kwenye kongosho. Yakiandamana na homa, kutetemeka na maumivu upande wa juu wa kulia wa tumbo, nenda hospitalini bila kungoja asubuhi.

Mama mjamzito anayewashwa sana viganja na nyayo katika miezi ya mwisho, bila upele, amwambie mkunga. Huenda nyongo haitiririki vizuri, na hali hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Jipime

1. Mtoto ana siku 20, macho ni ya manjano, ananyonya vizuri na amenenepa. Ungoje? *Hapana. Siku 14 zimepita. Apimwe damu, na choo chake kitazamwe leo.*
2. Choo cha kijani ni dalili ya kuziba nyongo? *Hapana. Kijani, haradali na kahawia ni rangi salama. Cha kuogopa ni cheupe, kijivu au manjano iliyofifia sana.*
3. Jua la asubuhi litaondoa manjano ya nyongo iliyoziba? *Hapana. Njia iliyofungwa huhitaji daktari wa upasuaji.*
4. Ni ziara gani ya chanjo inayotangulia siku 60? *Ya wiki ya 6.*

Kama kuna mtoto wa chini ya miezi miwili nyumbani kwako au kwa jirani, usiliweke gazeti hili kabla ya kuuliza swali tuliloanza nalo. Likijibiwa kwamba choo ni cheupe, hesabu siku zake, na uwasaidie wafike kituo cha afya leo.